Hermione na jeni ya uchawi

Hapana mkuu, unayesema Hermione wa hadithi za Harry Potter anapingana na baiolojia: yeye kuwa mchawi wakati wazazi wake ni madaktari wa meno wasio na uchawi hata chembe hakupingani na baiolojia. Nafundisha kidato cha nne hapa Moshi, na mfano ninaouchora ubaoni kila mwaka ni ualbino: baba hana, mama hana, ila kila mmoja amebeba jeni moja iliyojificha, basi kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Hakuna aliyechepuka, hakuna "damu chafu", tusi ambalo wachawi wa hadithi hizo huwatupia wenzao wenye wazazi wasio wachawi.

Panapogoma ni kwa watu kama Filch, mtunzaji wa shule ya Hermione, waliozaliwa ukoo wa kichawi bila uchawi. Kama uchawi ni jeni ya kujificha, kila mchawi amebeba nakala mbili, hivyo wachawi wawili wangezaa wachawi watupu. Kwa hiyo jeni moja haitoshi. Wanasayansi walilibishania hilo kwa barua kwenye jarida la sayansi la Nature mwaka 2005.

Na hiyo "damu safi", yaani ukoo wa wachawi watupu, waangalie akina Gaunt wa hadithi hizo hizo: wameoana binamu kwa binamu mpaka ukoo mzima ukajaa ukatili na akili kuyumba.