Maswali ya Karakana: Meno Yaliyoliwa kwenye Alumini ya Zamani

SWALI: Ndugu Fundi, ninafufua pikipiki ya Uingereza iliyoundwa miaka ya 1950. Nilipofungua plagi ilitoka na vipande vya alumini vimenata kwenye meno (thredi) yake, na sasa plagi mpya inazunguka tu bila kukaza. Tena, tundu moja la kifuniko cha gia limelegea baada ya mmiliki wa awali kutia bolti ya milimita 6. Je, nitoboe na kutia bolti nene zaidi, au silinda hedi ndiyo imekwisha?

JIBU: Ndugu msomaji, weka keekee chini kwanza. Silinda hedi yako haijafa, na matundu hayo mawili yana maradhi tofauti.

Nianze na kifuniko, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Bolti za pikipiki za Uingereza za enzi hiyo zilipimwa kwa inchi, na ile ya robo inchi, iwe ya mfumo wa BSF (meno membamba ya Kiingereza) au wa baiskeli, huwa na meno 26 kwa inchi. Robo inchi ni milimita 6.35, na umbali kutoka jino hadi jino ni kama milimita 0.98, karibu sawa na milimita 1 ya bolti ya M6, yaani ile ya milimita 6. Ndiyo maana bolti ile iliingia bila ubishi, ikacheza kidogo, ikaonekana kushika, kumbe ilikuwa imeng'ata ncha tu za meno, na spana ilipokazwa ncha hizo zikakatika. Tundu lingekuwa la Whitworth, mfumo wa Kiingereza wa meno mapana, yenye meno 20 kwa inchi, M6 ingegoma baada ya mizunguko michache. Hata hivyo usikisie: chukua bolti halisi kutoka tundu la jirani uipime kwa geji ya thredi, kile kipimo cha meno ya bolti.

Kisha safisha tundu, mulika kwa tochi, na upime kina chake kwa waya. Mara nyingi bolti isiyo yake ilikuwa fupi, na meno ya chini bado ni mazima. Hapo bolti sahihi iliyo ndefu kidogo inatosha. Bolti nene zaidi siishauri, kwa kuwa inapunguza ukuta wa alumini na kumchanganya fundi atakayekuja baada yako. Ikiwa meno yote yameliwa, tia koili ya waya wa chuma cha pua, aina ya Helicoil, ya kipimo kilekile cha awali. Tapu yake, yaani kifaa cha kukatia meno ndani ya tundu, ni maalumu, kubwa kuliko ya kawaida. Kata meno kwa tapu hiyo ukiipaka mafuta ya taa, nusu mzunguko mbele na robo nyuma, ukiitoa mara kwa mara kufuta chenga. Koili ikae chini kidogo ya uso wa tundu, na kile kikia chake, kincha cha kuizungushia, ukikivunja hakikisha unakiona mkononi mwako; kikidondokea kwenye gia utafungua injini upya.

Kuhusu plagi, hapo koili siipendi, ingawa mafundi wazuri wanaitumia, kwa sababu nimewahi kuiona ikitoka pamoja na plagi. Afadhali bushi nzima ya chuma (kibomba kifupi chenye meno ndani na nje) yenye ukingo, ya meno ya milimita 14 kwa 1.25 kama plagi yako ni ya 14. Fungua hedi, uifunge kwenye mashine ya kutobolea ili tundu lisiende upande; kazi hii haifanywi hedi ikiwa juu ya injini, maana chenga za alumini zitaingia kwenye silinda.

Kabla ya kununua plagi nyingine, linganisha urefu wa meno yake na kina cha tundu. Hedi nyingi za zamani zinataka nusu inchi, yaani milimita 12.7, na mtu akitia plagi ya milimita 19 meno ya ziada huchomoza ndani ya chumba cha moto, yakafunikwa na masizi magumu, na siku ya kuifungua masizi hayo hukwangua alumini yote njiani. Nashuku ndicho kilichokupata. Angalia plagi uliyoitoa: ukiona meno ya mwisho ni meusi na yale ya juu yanang'aa, umempata mhalifu. Mpya uikaze injini ikiwa baridi, kwa vidole mpaka igote, kisha kwa spana nusu mzunguko hadi theluthi mbili ili washa yake (ile pete ya kuziba) ibane.