Hatimkato naandika vizuri, kuisoma sasa ndo kasheshe

SWALI: Shikamoo anti. Niko Mbagala, nasoma uhazili mwaka wa kwanza na hatimkato ya Pitman, ule mwandiko wa alama wa kuandika haraka mtu akiongea, inanitoa jasho. Mwalimu akisoma imla naenda naye sawa tu, ila nikirudi nyumbani nikitaka kuchapa kuna maneno siyaelewi kabisa, nageuza daftari huku na huku kama siyo mwandiko wangu. Juzi nimekuta p na k, sijui ni paka, sijui pika, sijui piga. Nikaingia YouTube ndo nikapotea zaidi. Nifanyeje?
Mdau wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo YouTube iache kwanza, maana video nyingi za Wamarekani ni za Gregg, mfumo uliotoka 1888, na wewe unasoma ule wa Isaac Pitman wa Uingereza, wa 1837. Ni vitu viwili tofauti. Kiduara kidogo kwenye Gregg ni irabu, e au i, kwenye Pitman ni s, sasa ukichanganya hapo utachapa maneno ambayo bosi hajayasema na hatayasema.

Haya, p na k yako. Kabla hujaanza kubahatisha angalia mstari. Irabu tunaziacha ili tuwahi, sawa, lakini pale ulipoiweka alama panakwambia irabu ya kwanza ni ipi, ikikaa juu bila kugusa mstari ni a, basi hiyo ni paka, ikikata mstari ni i au u, basi ni pika au piga. Na hizo mbili zinaachana kwa unene tu, k nyembamba g nene, vilevile p na b, t na d, f na v. Hivi mnaandikia nini siku hizi? Peni ya kawaida hata uikandamize mpaka karatasi itoboke unene hautoki wa maana. Chukua penseli laini, chonga pande zote mbili, kwenye g kandamiza kwenye k achia. La sivyo utaandika damu palipotakiwa tamu, halafu ukamwelezee mkurugenzi.

Ikigoma bado, iruke, soma sentensi mpaka mwisho ndo urudi. Tena Kiswahili chetu kinabeba sana hapa, kiti na kuta zote ni k na t na zote zinakata mstari, lakini mbele ukikuta "cha" hicho ni kiti, ukikuta "za" hizo ni kuta, huhitaji hata kuumiza macho. Na ile p na k yako, ukikuta simu ipo mbele? Basi ni piga, hakuna anayepika simu.

Majina ya watu na mitaa ndo hayana huruma, sentensi haikusaidii kitu. Hayo tia irabu palepale au andika kwa herufi za kawaida, hakuna atakayekucheka.

Halafu usilaze daftari. Imla ya leo isome leo, hata kwenye daladala ukibahatika siti, sauti ya mwalimu ikiwa bado iko masikioni, ukiiacha mpaka wikiendi imekula kwako. Matangazo ya kazi serikalini yanataka maneno 100 kwa dakika, Kiswahili na Kiingereza, najua ndo mnakimbizia hiyo, ila kwenye mtihani wanasahihisha ulichochapa, na hizo alama za hatimkato zinazokushinda zipeleke kwa mwalimu akuonyeshe zinavyoandikwa.