Maswali Yenu: Sikukuu inakuja na majirani wa flati hatujuani

SWALI: Dada habari za kazi. Mi naishi kwenye flati hapa Upanga, ghorofa tano, na kusema ukweli hatujuani kabisa. Tukikutana kwenye ngazi ni mambo, poa, imeisha. Grupu la WhatsApp tunalo ila ni la kuambizana luku ya pampu imekata nani hajachanga, na nani kaacha taka kwenye korido. Nataka tufanye pati ya Krismasi chini pale parking, mwenyekiti anasema watu hawatakuja. Nifanyeje?
Mama wa ghorofa ya tatu

JIBU: Mwenyekiti yuko sahihi mama, ila sio kwamba watu wana roho mbaya. Tarehe 25 nani yupo Dar? Wachaga wote wako Moshi, wengine Bukoba, wengine Tanga, hapo jengoni kabaki mlinzi na wale wenye zamu kazini. We shika Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kabla watu hawajapanda mabasi na kabla hela haijaishia kwenye nauli. Ukisema uisogeze mpaka 12 Januari, sikukuu ya Mapinduzi, usithubutu, hapo kila mzazi anawaza ada na sare za shule, mchango hautauona.

Alafu usiite pati. Ukisema pati watu wanaanza kuuliza kiingilio, MC, nguo. Sema tu tunakula pamoja mchana, kila ghorofa ilete kitu kimoja. Ghorofa moja pilau (kilo tano za mchele zinatosha watu arobaini bila shida), nyingine kachumbari na matunda, nyingine vinywaji. Upanga mna Waislamu, Wakristo na Wahindu kwenye ngazi moja, kwahiyo nyama achinje Muislamu na watu waambiwe mapema, alafu lazima liwepo sufuria la mboga tupu lenye mwiko wake. Na kama mna Wajain hapo (wale wa dini ya Jain ya India) waulizeni kabisa, wengi wao hawali hata viazi, vitunguu wala saumu, sasa ukimpelekea kachori za viazi kwa nia njema atashukuru, atakaa na njaa. Pombe iacheni, anayetaka atakunywa kwake jioni.

Mchango ndo unaua shughuli za namna hii. Weka kidogo, elfu tano kila nyumba, na risiti ya duka ipigwe picha itupwe kwenye grupu siku hiyo hiyo hata kama imebaki mia tano. Asiyetoa asitajwe jina, aje ale.

Watoto ndo watakaowaunganisha, mi naamini hivyo kuliko hata chakula. Wacheze rede, ule mchezo wa kukwepa mpira huku unajaza chupa mchanga; parking yenu nadhani ni matofali ya pevingi tupu, basi muombeni mlinzi awatafutie ndoo moja ya mchanga, mwageni katikati, magari yatolewe asubuhi. Wekeni na kamba. Utaona mtoto wa ghorofa ya tano anamkwepesha mpira mtoto wa chini, mama zao wako pembeni wanabishana nani kaguswa nani hajaguswa, na hapo majina yameshajulikana bila mtu kusimama kujitambulisha. Wazee wapeni bao na keram, kivulini.

Wadada wa kazi na walinzi wakae wale na nyie, wasiwe wa kuosha vyombo tu, wao ndo wanaojuana jengo zima kuliko nyie wenye nyumba. Muziki mwisho saa kumi na mbili, kuna wagonjwa na vichanga.

SWALI: Na mimi niko flati Sinza, nimepanga mwenyewe, sio mtu wa mikusanyiko. Idi nataka niwasogelee majirani ila naona aibu kuwaita ndani, kwangu hata makochi sina.
Kijana wa Sinza

JIBU: Usiwaite ndani. Asubuhi baada ya swala nunua vitumbua au kaimati kwa mama wa mtaani, weka kwenye visahani, gonga mlango wa kulia, wa kushoto na wa mbele yako, sema Idi Mubarak, taja jina lako na namba ya nyumba, ondoka. Tumia visahani vya kweli, sio mfuko wala vile vya kutupa, maana sahani ya jirani lazima irudishwe na wengi hawairudishi tupu, kwahiyo atakuja mwenyewe kukugongea. Siku hiyo uwe nyumbani.