Je, kutibiwa maumivu kutapunguza fidia yangu?

SWALI: Mhariri, mimi ni mfanyakazi wa ghala mjini Morogoro. Miezi 8 iliyopita nilianguka kazini kutoka juu ya ngazi, nikaumia kiuno. Eksirei inaonyesha kwamba mfupa umeunga, lakini maumivu hayajaondoka, na usiku nalalia ubavu mmoja tu. Wenzangu wananishauri niache dawa na mazoezi ya viungo mpaka nitakapopimwa ulemavu, nisije nikaambiwa nimepona. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Wenzako wanakutakia mema, lakini ushauri wao usiufuate.

Maumivu hayapigwi picha. Yakizidi miezi 3 madaktari huyaita maumivu sugu, na mfupa unaweza kuwa umeunga vizuri huku mishipa ya fahamu ikiendelea kupeleka habari za jeraha. Ndiyo maana ushahidi wako mkubwa ni jalada la hospitali, na ukiacha kuhudhuria, jalada hilo litasomeka kama la mtu aliyepona.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, hugharimia matibabu na hulipa fidia pia. Kimoja hakifuti kingine. Anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu hupimwa hali ikishatulia baada ya matibabu: usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa kwa pensheni ya kila mwezi. Aliyekatisha matibabu atamfanya daktari ashindwe kusema kwa uhakika kwamba kilichobaki hakitibiki tena. Sikufichi kwamba ukipata nafuu kubwa asilimia inaweza kushuka, lakini kiuno kilichokakamaa kwa kukosa mazoezi hakuna malipo yatakayokirudisha.

Ukionana na daktari, usiseme "nasikia maumivu" ukaishia hapo. Mweleze yanayokupata, kwa mfano kwamba ndoo ya lita 20 huiinui tena, kwamba ukikaa kwenye daladala nusu saa mguu unakufa ganzi, na kwamba unaamka mara kadhaa usiku. Kisha mwombe ayaandike hayo kwenye jalada. Mtajie pia kila dawa unayojinunulia, hasa kama ni diklofenaki, ambayo ikimezwa kila siku kwa muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo.

Na kama mwajiri wako bado hajawasilisha taarifa ya ajali kwenye Mfuko, mfuate wiki hii hii.