Pesa za utafiti wa majaribio kuhusu sigara za rejareja

Dada, umeuliza utapata wapi pesa za utafiti mdogo wa majaribio kuhusu sigara za rejareja, yaani zinazouzwa moja moja, karibu na shule za Nairobi. Swali lako ni zito kweli, sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza kuuza pakiti yenye chini ya sigara 10 ila we pita vibandani utakuta pakiti imefunguliwa na kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba pembeni. Sasa mfadhili wa utafiti wa majaribio hataki umalize tatizo, anataka wazo jipya na dalili kwamba linafanyika, so chagua mtaa mmoja, vibanda vichache, swali moja basi. Jaribu IDRC, kituo cha Kanada kinachofadhili utafiti wa maendeleo, na Cancer Research UK, shirika la Uingereza la utafiti wa saratani, hao wameshafadhili kazi za tumbaku Afrika. Kibali cha maadili na cha NACOSTI, tume ya serikali ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, viingize kwenye bajeti mapema. Na tafadhali sana chunguza pesa imetoka wapi, Foundation for a Smoke-Free World ilianza 2017 kwa hela za kampuni ya sigara ya Philip Morris International, 2024 ikabadili jina ikawa Global Action to End Smoking, na majarida ya tiba kama BMJ la Uingereza hayapokei tafiti za pesa za kampuni za sigara. Ukishaandika ukurasa wa kwanza niwekee hapa niusome.