Ratiba ya siku haifai Lubumbashi

Ndugu mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mwanafunzi mwenye masomo mazito afanyeje ili apate pia muda wa kazi, wa kupumzika na wa kufurahi? Najua wengi watawajibu kwa ratiba: amka saa kumi na moja, soma mpaka saa fulani, pumzika nusu saa, rudia. Mimi nasoma politekniki (uhandisi) hapa Lubumbashi, Kongo, na jioni nakaa kwenye kameza ka kuuza yunite za simu na kutuma pesa katika komini ya Kenya (wasomaji wa Nairobi msishtuke, ni mtaa wetu huo). Ratiba za namna hiyo nimeziona nyingi zimebandikwa ukutani kwa wenzangu. Hazifiki mwisho wa mwezi.

Tuanze na hesabu. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) ulioingia vyuoni mwetu, mwaka mmoja wa masomo ni kredi 60, na kredi moja inahesabiwa saa 25 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Jumla ni saa 1,500. Zigawe kwa wiki 30, unapata saa 50 kwa wiki. Wiki nzima ina saa 168. Toa usingizi wa saa nane kila usiku, ndizo 56, toa na zile 50. Zinabaki 62. Mwenye kibarua cha saa 20 bado ana 42 za kupika bukari (ugali), kufua, kuchota maji, kupanda basi hadi chuoni Kasapa, kwenda kanisani na kucheka na watu. Kwenye karatasi zinatosha.

Shida ni kwamba saa hizo haziji moja moja kwa utaratibu. Profesa mgeni anafika, ana siku chache tu, anafundisha kozi nzima kuanzia asubuhi mpaka jua linatua, na interogasio, yaani jaribio la kozi, anaitoa kabla hajapanda ndege. Wiki hiyo hata kula ni bahati. Wiki inayofuata oditwari (ukumbi wa masomo) iko tupu, CP, kiongozi wa promosio yetu, yaani wanafunzi wa mwaka mmoja, anaandika kwenye WhatsApp kwamba asistanti amesafiri. Mwenye ratiba ya siku anaona ameshindwa wiki ya kwanza, na ya pili anaipoteza bure kwa sababu ratiba ilishakufa na hajui aanzie wapi.

Ndiyo maana mimi nahesabu kwa mwezi. Wiki ya profesa mgeni ni ya shule tu, sijidanganyi. Wiki tupu ndiyo ya kulipa madeni: kazi, nguo chafu, marafiki, na kusoma polepole yale tuliyomiminiwa. Swali langu mwisho wa mwezi ni moja: je, kuna kitu kimelipwa sifuri? Kazi ikipungua wiki mbili, sawa. Ikiwa mwezi mzima sijakaa hata jioni moja na watu bila kuzungumzia shule, hapo kuna kasoro.

Hili linataka mwenye kazi akuelewe, na ndipo wengi wanapokwama. Meza yangu ni ya yaya, ndiyo kusema ndugu yangu mkubwa, kwa hiyo tunazungumza waziwazi.

"Yaya, profesa wa betoni amefika. Wiki hii unihesabu kama mgeni."

"Na ijayo?"

"Ijayo nafungua mimi, nafunga mimi."

"Na leo Jumamosi usiku?"

"Hiyo nakuja, yaya."

Anajua tangu mapema, anapanga mtoto mwingine wa nyumbani anisaidie. Anachokasirikia ni kuambiwa saa kumi jioni, mwavuli umeshafunguliwa na wateja wamesimama. Na silabusi, yale maandishi ya kozi, siipeleki mezani. Kila dakika mbili mtu anasema "niwekee ya mia tano", huwezi kufuata ukurasa wa hesabu namna hiyo. Tena pesa haitaki kichwa kilicho kwingine: ukituma kwa namba isiyo yake, unalipa mfukoni mwako.

Sasa niseme juu ya delestaji, kule kukatwa umeme kwa zamu, maana kila mtu ataiandika kama kisingizio na mimi naiona vingine. Umeme ukikatika, vitu fulani haviwezekani: michoro, programu za kompyuta, kusoma silabusi yenye kopi hafifu. Basi mwanga ukiwepo nafanya hivyo kwanza, hata kama kozi nyingine inanitisha zaidi. Giza nalo lina kazi yake. Tunakaa uani, watatu au wanne, simu tumezima ili betri ibaki, tunaulizana. Mmoja anatupa swali: boriti ya mita 6, imelalia nguzo mbili, mzigo umesambaa sawasawa, kilonyutoni 10 kwa kila mita, momenti kubwa kabisa, yaani kiasi mzigo unavyoipinda, ni ngapi? Kimya kidogo. Mwingine anahesabu kwa sauti: mzigo mara urefu mraba, 10 mara 36, gawanya kwa 8. "Arobaini na tano!" Halafu anaulizwa inatokea wapi kwenye boriti, na kwa nini pale katikati. Hapo ndipo tunajua nani ameelewa na nani amekariri fomula.

Hiyo si hila ya maskini tu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwasomesha wanafunzi maandishi mafupi. Waliosoma tena na tena walishinda walipopimwa baada ya dakika tano. Waliosoma kisha wakajaribu kukumbuka bila karatasi ndio walioshinda baada ya siku mbili, na hata baada ya wiki. Interogasio hazitolewi baada ya dakika tano. Kwa hiyo saa moja gizani ya kuulizana, kwangu, inaondoa saa nyingi za kufunua silabusi ileile, na muda uliookolewa hapo ndio ninaokwenda nao kulala.

Usingizi sipunguzi. Mambo tuliyojifunza mchana ubongo unayapanga tukiwa tumelala, jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi, lakini vyuoni bado kukesha kunasifiwa kama ushujaa. Umeme ukirudi saa saba usiku, nyumba nzima inaamka: huyu anapiga pasi, yule anawasha kompyuta. Mimi nachomeka simu na betri ya taa, narudi kitandani. Wananiita mvivu. Asubuhi tunakutana kwenye oditwari na wao wamelaza vichwa juu ya mabenchi.

Simu sitaizungumzia sana, kila mzazi ameshaizungumzia. Niongeze tu kwamba kuangalia video kitandani si kupumzika wala si kufurahi, unatoka pale umechoka kama ulivyoingia. Starehe yangu naitaka iwe na mtu anayeningoja, maana mtu akiningoja siahirishi. Jumapili mchana, kikombe cha munkoyo (kinywaji cha mahindi), michopo (nyama ya kuchoma) ya kushirikiana, na ikiwa ni Mazembe na Lupopo, timu zetu mbili za mpira, basi siku hiyo hata profesa mwenyewe asinitafute. Derby ninaipanga mwanzo wa mwezi pamoja na kozi, sioni aibu.

Kitu ambacho mpango wangu hauwezi ni kilio. Mtu akifariki katika ukoo, unakwenda, unalala nje na wengine, unapika, unachota maji, na hakuna anayekuuliza kama una mtihani. Wapo wenzangu wanaosema tuanze kukataa. Mimi sikubaliani nao, ila nadhani binamu wanaweza kupokezana: wewe usiku wa kwanza, mimi siku ya maziko. Kwetu tumeanza kufanya hivyo na wazee hawakunung'unika walipoona kazi inafanyika.

Kwa wale wa mwaka wa kwanza wanaotaka kibarua sasa hivi: kabla ya kukubali, mfuate CP, mwulize kozi zipi zinafundishwa na wageni na zinatazamiwa lini. Tarehe zitabadilika, lakini mwambie tajiri wako kwamba wiki hizo zipo, na kwamba utazilipa. Akikataa siku hiyo ya kwanza, tafuta kwingine mapema. Kuacha kazi katikati ya sesheni ya mitihani, huku anakudai na wewe unamdai, ni vigumu mara mbili.