Kabla hujajiita msahaulifu

Mwaka wa kwanza chuoni nilifeli anatomia, somo la maumbile ya mwili. Daftari nilikuwa nimelisoma mara tano, na kila ukurasa niliofungua niliona naujua. Kwenye chumba cha mtihani majina yote yakanipotea. Nikaamini sina kichwa cha kusoma. Leo naandika kwa ajili ya mwanafunzi anayeamini hivyo.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Atkinson na Richard Shiffrin, waliieleza kumbukumbu kama safari ya hatua tatu. Hatua ya kwanza ni milango ya fahamu. Inapokea kila kitu, ila picha iliyopita machoni haikai hata sekunde moja, na usichokitilia maanani kinaishia hapo. Ukitambulishwa kwa mtu huku unachezea simu, jina lake hujalisahau, halikuingia.

Hatua ya pili, kumbukumbu ya muda mfupi, ndiyo inayotutesa. Ni finyu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliikadiria vitu saba hivi. Watafiti wa baadaye wakashusha hadi kama vinne. Usipovirudia, ndani ya nusu dakika vimekwenda. Mifupa minane ya kifundo cha mkono niliimeza yote kwa mkupuo, wakati yenyewe imejipanga safu mbili, minne juu, minne chini. Gawa mzigo kabla ya kuubeba.

Kinachovuka hapo kinafika kumbukumbu ya muda mrefu. Namna ya kukivusha nilijifunza kwa mama.

Mama aliishia darasa la nne. Alikuwa akikopesha dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na haandiki popote. Usiku, taa ikishazimwa, namsikia akihesabu vidole: "Wa Igoma, madebe mawili. Wa Buzuruga, sado nne, kalipa nusu. Wa Nyegezi..." Hapo anakwama. Haniulizi. Ananyamaza, anatafuta: "Alikuja siku ya mvua, mtoto mgongoni... sado sita!" Kesho yake anarudia, hasa wale waliomsumbua.

Tofauti yetu ilikuwa hiyo. Mimi nilitazama, mama alitafuta. Kulivuta jambo kutoka kichwani bila kuchungulia ndiko kunakolikaza.

Kwa hiyo funika daftari. Andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, vumilia unapokwama, ndipo ufunue usahihishe. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Tangu 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni, basi usingoje mwezi upite. Na lala, tafadhali. Ubongo hukaza ya mchana usiku ukiwa usingizini. Kukesha kuamkia mtihani ni kujinyima hilo.

Nilipojiandaa kwa mtihani wa marudio, mama akimaliza wadeni wake alinigeukia: "Haya mwanangu, na wewe unamdai nani?" Nami nikaanza kumtajia mifupa, gizani, safu ya juu kwanza.